Elimu ya Maadili na Mizani ya Chai

Hakuna mlango katika mji wa Kericho, wala katika mji wa Bomet, uliotundikwa kibao chenye maneno "Hapa yupo mtaalamu wa maadili." Daktari ana kibao chake, wakili anacho chake, na hata mshona viatu hujulikana alipo. Ndiyo maana kijana akisema nyumbani kwamba anataka kwenda chuo kikuu kusomea falsafa na elimu ya maadili, wazazi huuliza: kisha atakula nini?

Mama mmoja, mchuma chai, alinijia shuleni pamoja na bintiye kwa swali hilohilo. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani. "Mwalimu," akasema, "huyu nimemlipia karo kwa kilo. Huko kwenye maadili watampimia nini?"

Mimi nilipitia chuo cha ualimu, ambako maadili yalikuwa sura chache za kitabu. Nilimjibu kwa mizani anayoijua. "Mama, tuseme karani anapunguza kilo moja katika kila mfuko, akisema ni ya umande. Asubuhi umande upo kweli. Je, jua likiwa kali?" Akacheka, alilifahamu jambo hilo kuliko mimi. Elimu ya maadili huanzia hapo. Si kukariri kwamba wizi ni mbaya, jambo ambalo mtoto huambiwa mapema, bali ni kupima haki pale ambapo kila upande una neno la kusema.

Mwezi wa Mei 2023 neno la namna hiyo lilitufikia kwa kishindo, mashine za kuchuma chai zilipochomwa moto Kericho. Mwenye shamba husema kwamba gharama za mikono zitamwangusha. Mchumaji husema kwamba mashine moja humwondolea riziki yeye na jirani zake wengi. Kuteketeza mali si jawabu, lakini hesabu ya faida peke yake nayo si jawabu. Profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyefariki mwaka 1995, alifundisha kwamba kila binadamu ana haki ya kiwango cha chini cha maisha: usalama wa mwili, afya na riziki. Wazo hilo halizimi mashine, ila humtaka mwenye mashine ajibu swali ambalo daftari lake la hesabu haliulizi.

Sasa, kazi. Katika Kenya, mtafiti hawezi kujaribu dawa kwa watu kabla kamati ya maadili haijakubali mpango wake. Jambo hili si la mbali nasi, kwani Kericho chanjo za kukinga virusi vya Ukimwi zimepata kufanyiwa majaribio. Lazima pawepo mtu wa kuuliza: huyu aliyetia alama ya kidole gumba, je, alielewa alichokikubali? Tena, Katiba ya mwaka 2010 ilitenga sura nzima, ya sita, kwa uongozi na uadilifu, na mwaka 2011 ikaundwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Wako pia wakaguzi wanaopita mashambani kutazama jinsi wafanyakazi wanavyotendewa, maana wanunuzi wengi wa chai ng'ambo hudai hivyo.

Lakini nisimpambie msomaji. Nafasi hizi si nyingi, na aghalabu hupewa mtu mwenye taaluma nyingine mkononi: sheria, uuguzi, uhasibu, uandishi wa habari. Hata kufundisha falsafa si kazi ya kuitegemea, kwa kuwa si somo la shule zetu za upili. Kwa hiyo nilimshauri binti aishike falsafa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ushike kazi yenye kibao mlangoni. Mama alipendelea uuguzi. Binti alitaka sheria. Walipoliacha lango la shule walikuwa wangali wakibishana, na kila mmoja alikuwa na hoja.