Magomeni kwa Juu

Picha ilikuwa ya mraba, sentimita 23 kwa 23, nyeusi na nyeupe, imepigwa kutoka kwenye ndege ya upimaji. Binamu yangu aliikuta ndani ya bahasha ya kaki, katika sanduku la marehemu baba yake aliyewahi kuchora ramani serikalini. Haikuwa na mwaka wala mshale wa kaskazini. Nyuma, kwa penseli, neno moja tu: Magomeni.

Nilijipa kazi ya kuisoma. Nimezaliwa Magomeni na nimekulia hapo, nikadhani saa moja itanitosha. Nilikaa nayo siku tatu. Nyumba zetu za vyumba sita, korido katikati na ua nyuma, ukizitazama kwa juu ni kete za dhumna. Nyumba ya kwetu niliipata mara nne, kila mara mahali pengine.

Nilipompelekea mama, lensi yangu ya kukuzia hata hakuigusa. Aliizungusha picha, kilichokuwa juu kikawa chini, akaburuza kidole kwenye mkanda wa kijivu uliopita ubavuni. "Huku bondeni, mwanangu. Umeishika kichwa chini miguu juu."

Kweli, lilikuwa Bonde la Msimbazi, nami siku zote tatu nilikuwa nimelifanya shamba la mtu. Ng'ambo yake yakajitokeza majengo marefu ya Muhimbili, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret. Kwenye kona ya mbali ikaonekana Kariakoo, na penye soko palikuwa bado pamesimama banda la zamani. Soko lenye mapaa ya zege mfano wa miavuli, alilolisanifu Beda Amuli, lilifunguliwa 1975, kwa hiyo picha ni ya kabla ya hapo. Mama akaukaza mwaka zaidi kwa njia yake. Bati jipya pichani linang'aa, makuti yana rangi ya majivu. Jirani yetu wa kushoto aling'oa makuti na kuezeka bati mwaka aliozaliwa kaka yangu, 1964, na hapa paa lake linang'aa. Sikuwa na la kuongeza, ila vivuli: vyote vimelalia kusini, na Dar es Salaam hilo hutokea katikati ya mwaka, jua likiwa upande wa kaskazini. "Basi ilikuwa kipupwe," akasema, kama mtu anayejibiwa swali alilokuwa nalo.

Nyumba ya kwetu aliipata kwa maji. Mimi nilikuwa nikitafuta paa. Yeye alitafuta njia za miguu. Katikati ya nyumba kulikuwa na kidoa cheupe, na vijia vyembamba vilikuwa vikikikimbilia kutoka kila upande, kama mikono ya pweza. "Bomba," akasema. Hapo ndipo nusu ya mtaa ilipokuwa ikipanga foleni ya ndoo, na wanawake walifika kabla ya adhana ya alfajiri ili wawahi. Kutoka bombani alihesabu milango kwa sauti, kwa majina ya wenye nyumba, mmoja mmoja, mpaka wetu. Hakuna ramani niliyowahi kuiona yenye bomba lile. Wala wale wanawake, ingawa ndio waliomchora yule pweza kwa miguu yao.

Nilijivunia kitu kimoja tu nilichokitambua peke yangu, nacho ni msikiti mdogo wa mtaani. Nyumba zote zimefuata mpango wa mitaa, na mitaa imefuata Barabara ya Morogoro inayokwenda kaskazini-magharibi. Kibla hapa kwetu ni karibu kaskazini moja kwa moja. Kwa hiyo msikiti umekaa mshazari katikati ya nyumba zilizonyooka, kama mtu aliyegeuka kumtazama mwingine. Ukishalijua hilo, misikiti yote ya Magomeni inajitaja yenyewe.

Mjomba, aliyeitwa kutusaidia, alileta ubishi. Hakutambua kitu ila kwa mpira: hapa uwanja wa vumbi, hapa tulifungwa, hapa mwembe tuliokuwa tukiuegemezea baiskeli. Mama akasema mwembe ule ulikuwa mtaa wa pili. Walibishana mpaka chai ikapoa. Kwenye picha ulikuwepo mti mmoja, duara jeusi lenye kivuli kirefu, na kila mmoja aliudai wake.

Nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere miaka ya 1950, alipokuwa akikijenga chama cha TANU, ipo mtaa wa Ifunda, na leo ni makumbusho. Tuliitafuta kwa kuhesabu vichochoro. Kwa juu haina tofauti na jirani zake.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Magomeni na nakala ya picha mkononi. Barabara ya Morogoro ina njia za mabasi ya mwendokasi tangu 2016, na nyumba za Magomeni Kota nilizozijua zimebomolewa, yamesimama maghorofa. Penye bomba pana duka la dawa na wakala wa fedha za simu. Bondeni, ambako picha inaonyesha matuta na maji machache, ndiko watu walikojenga baadaye, na ndiko mafuriko ya Desemba 2011 yalikowakuta. Wengi walihamishiwa Mabwepande. Mama alikuwa ameutazama ule mkanda wa kijivu na kusema kwamba zamani hakuna aliyelala kule. Mwembe umekatwa, lakini kituo kimoja cha mwendokasi kinaitwa Mwembechai, na kingine Mapipa, ingawa hakuna pipa. Msikiti umekuwa ghorofa mbili, na bado umekaa mshazari.

Sasa nyuma ya nakala pana majina 31 ya wenye nyumba, kwa mwandiko wa mama. Limebaki paa moja refu, hatua chache kutoka bombani kuelekea bondeni, refu kuliko nyumba tatu zikiunganishwa. Mama anasema lilikuwa ghala, mjomba anasema ilikuwa klabu ya dansi. Kama ulikulia Magomeni miaka ya 1960 na ulichota maji pale, tusaidie: lilikuwa la nani?