Nahodha Ahab, na sisi tuliokuwa tunampigia kasia

Wiki hii ni zamu ya kikundi cha kusoma. Tutawasimulia kitabu kimoja cha bahari, halafu tutawaambia kilitufanya nini.

Kitabu kinaitwa Moby-Dick. Aliyekiandika ni Mmarekani, Herman Melville, kikatoka mwaka 1851. Hakuandika mambo ya kuambiwa tu, maana yeye mwenyewe alipanda meli ya kuwinda nyangumi mwaka 1841 akiwa na miaka 21, yani rika letu. Sisi tulisoma toleo fupi la Kifaransa chepesi, halina hata jalada. Jioni wanafunzi wakishatoka darasani tunaingia sisi. Mmoja anasoma, mwingine anatafsiri, wengine wanabisha. Wazazi wetu wengi ni watu wa ziwa, wametoka Fizi, Baraka na Uvira, kwa hiyo habari za kasia na kamba hatukuhitaji kufundishwa.

Hadithi ni hii. Ahab ni nahodha wa meli iitwayo Pequod, ya kisiwa cha Nantucket, Marekani. Kazi ya meli ni kuua nyangumi na kuyeyusha mafuta yao, maana wakati ule watu waliwasha taa kwa mafuta hayo. Safari moja ya nyuma, nyangumi mweupe anayeitwa Moby Dick alimkata Ahab mguu. Sasa anatembea na mguu uliochongwa kwa mfupa wa taya la nyangumi. Wenye meli wanajua ameenda kutafuta mafuta. Kumbe yeye, katika bahari zote za dunia, anamtafuta nyangumi mmoja tu.

Siku moja anawakusanya mabaharia wote. Anapigilia sarafu ya dhahabu kwenye mlingoti: atakayemwona nyangumi mweupe wa kwanza, sarafu ni yake. Pombe inazungushwa, watu wanakunywa na kuapa kwamba Moby Dick atakufa. Mmoja tu ndo anasita, Starbuck, msaidizi wa nahodha. Anasema yeye alikuja kuwinda, hakuja kulipa kisasi cha mkubwa wake. Tena huyo ni mnyama, aliuma kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, sasa unamkasirikia vipi? Ahab hasikii. Kwake nyangumi ni kama ukuta, na ubaya wote unaomtesa umejificha nyuma ya huo ukuta. Lazima aubomoe.

Tulipofika hapo mwenzetu mmoja alisimama akatoka nje. Tulijua kwa nini.

Jina lake hatutaji, ila amekubali tuandike. Baba yake aliuawa nyumbani kwao, yeye akiwa na miaka saba. Alikuwa chini ya kitanda. Uso hakuuona, alisikia sauti ya mtu, na akasikia wenzake wakimwita yule mtu jina. Mwaka jana, siku ya mgao, karani akaita jina hilohilo kwenye kipaza sauti. Mzee mmoja katika foleni akaitika. Mwenzetu anasema ni sauti ileile.

Tangu siku ile hakuwa mtu tena. Alijua zoni ya yule mzee, nyumba yake, na saa anayokwenda kuchota maji. Shule akaacha, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Alikuwa golikipa wetu, akaacha na mpira. Ukimwongelesha anakuitikia, lakini macho yako kwenye njia ya bomba.

Na sisi? Hapa ndo tunataka kusema ukweli. Sisi hatukuwa watazamaji. Alipotuambia, tulisema tuko pamoja naye. Mmoja wetu alikwenda kupeleleza. Mwingine aliweka panga tayari, la kulimia shamba la mama yake. Hatukunywa pombe, ilikuwa chai, lakini kuapa tuliapa. Tuliona huo ndo urafiki. Hata mmoja hakumwuliza: una hakika na hiyo sauti? Na yule mzee ana mtoto katika darasa la watoto tunalojitolea kufundisha. Tulikuwa tunamsahihishia daftari asubuhi, jioni tunapanga habari ya baba yake.

Tuliendelea kusoma. Mbele Pequod inakutana na meli nyingine, Rachel. Nahodha wake amepoteza mashua, na ndani ya mashua yumo mwanawe wa miaka 12. Anamwomba Ahab wasaidiane kutafuta, siku mbili tu. Ahab mwenyewe ana mtoto mdogo nyumbani. Anakataa, anasema anapoteza wakati. Mwenzetu, ambaye alikuwa amerudi, akasema kwa sauti: “Huyu mzee hana utu kabisa.”

Mmoja wetu akamwuliza, “Na wewe, mama yako juzi alikwenda hospitali na nani?”

Kimya. Mama yake anaumwa miguu, na alikwenda peke yake kwa fimbo, kwa sababu saa ile ndo yule mzee anachota maji. Mwenzetu akachukua shati lake akaondoka. Wiki mbili hakuja.

Katika wiki hizo mbili tulibishana sana habari ya Starbuck. Wengine walimpenda, ndiye mwenye akili. Lakini angalieni. Anaona meli inakwenda kufa, anasema maneno mazuri, halafu anatii. Usiku mmoja anashika bunduki mlangoni kwa Ahab aliyelala, anairudisha mahali pake. Karibu na mwisho anamsihi warudi nyumbani, na Ahab mwenyewe anadondosha chozi kwa miaka 40 aliyoimaliza baharini. Kesho yake wanaendelea kumfukuza nyangumi. Sisi tuliona hivi: Ahab bila watu wa kupiga kasia ni mzee wa mguu mmoja, basi. Hasira ni yake, lakini mikono iliyoifikisha kwa nyangumi ni ya wengine.

Basi tulikwenda kwao. Tukamwambia: hospitali tutakwenda na wewe, ofisini tutakwenda na wewe, kwenye ile nyumba hatuendi, na panga limerudi shambani. Alituita wasaliti. Alisema neno ambalo mpaka leo hatuna jibu lake: “Nyangumi hana kosa. Huyu ana kosa.”

Ni kweli. Hapo kitabu na maisha yetu vinaachana. Mtu aliyeua baba wa mtu si mnyama wa baharini, anastahili kuulizwa. Kwa hiyo ninyi wa mashirika, tunawaomba: msituambie “sameheni” kwenye semina kabla hamjatuuliza tumefanyiwa nini. Tulimsindikiza ofisini, maelezo yakaandikwa, tukaambiwa tusubiri. Huu ni mwezi wa nane. Kijana anayesubiri bila jibu, hata sarafu ya mlingotini hahitaji.

Siku moja alikuja mwenyewe, akauliza kitabu kiliishaje. Tukamwambia. Walimfukuza nyangumi siku tatu. Siku ya tatu nyangumi akaigonga meli, ikazama. Kamba ya chusa alilorusha Ahab ikamkaba shingo yeye mwenyewe, ikamvuta chini. Wote wakafa, akabaki kijana mmoja, Ishmael, akielea juu ya jeneza la rafiki yake. Aliyemwokota ni Rachel, ile meli iliyokuwa bado inazunguka kutafuta watoto wake.

Akauliza, “Na wale mabaharia wengine, nyangumi aliwafanyia nini wao?” Tukasema hakuwa amewafanyia kitu. Akanyamaza.

Hajasamehe, na sisi hatumwombi asamehe. Siku ya mgao anahama foleni. Mama yake sasa anampeleka yeye hospitali. Jumamosi alirudi golini, akafungwa manne. Tulimcheka mpaka giza likaingia, na yeye alicheka kidogo.