Gobore la Mjomba na Gumegume la Pennsylvania

Wakati wa mmojawapo wa misamaha ambayo Serikali imekuwa ikiitoa miaka ya karibuni kwa wanaosalimisha silaha wasizozimiliki kihalali, nilimsindikiza mjomba wangu kupeleka gobore lake kituo cha polisi. Alilizungushia khanga kuukuu ya marehemu mkewe, akalitia kwenye kiroba, tukapanda bodaboda mshikaki, jambo ambalo nalo ni kosa kisheria. Askari aliyetupokea alikuwa kijana wa umri wa wanafunzi wangu. Aliamkia kwa adabu, akaligeuzageuza gobore mikononi, akauliza: "Mzee, hiki kitu kinafanya kazi kweli?" Mjomba akamjibu: "Kinafanya, mwanangu, ukijua kukilisha."

Katika daftari liliandikwa gobore moja. Mdeki, yaani ule ufito wa chuma wa kushindilia baruti, haukuandikwa popote, na mjomba akarudi nao nyumbani. Siku hizi unachochea moto wa jikoni.

Ndugu msomaji, katika ukoo wetu ni mimi peke yangu niliyepata kuua mnyama kwa bunduki ya kushindilia nikiwa na kibali mfukoni. Sikufanya hivyo Tabora, ambako miombo inaanzia nyuma ya choo cha mjomba. Nilifanya hivyo Pennsylvania, Marekani, nilipokuwa nasomea shahada ya uzamivu. Kwa miaka mingi sikumweleza mtu habari hii, hasa wanaharakati wenzangu, kwa kuwa msomi wa Kiafrika mwenye bunduki katika msitu wa wazungu ni picha inayohitaji maelezo marefu. Leo nayatoa.

Nianze na kosa langu. Nilikuwa darasa la tano. Mjomba alikuwa mkulima wa tumbaku na mrina asali, na gobore lake lilikuwa la kufukuzia nguruwe pori na nyani shambani. Lilitumia fataki, fataki zilipokosekana, alikwangua vichwa vya njiti za kiberiti. Mara moja moja, msimu wa njaa, kulungu aliyeingia kwenye kunde hakutoka. Siku moja walikuja maaskari wa wanyamapori. Hawakuanza na wakubwa. Mmoja alituchutumalia sisi watoto, akatabasamu, akatuuliza jana tulikula nini. Nilikuwa mwanafunzi hodari, niliyezoea kunyoosha kidole kabla ya wenzangu. Nikajibu: "Nyama." Ngozi ilipatikana darini kwenye ghala la tumbaku. Gobore halikupatikana. Mjomba alifungwa miaka miwili, na alipotoka hakuniuliza neno hata siku moja, ukimya ambao ulinielemea kuliko ambavyo fimbo ingeniuma.

Sasa Pennsylvania. Mwenye nyumba niliyopanga alikuwa mzee mstaafu, fundi wa mbao, mchache wa maneno. Siku moja nilimkuta mezani akiisafisha bunduki ndefu yenye kitako cha mti wa mepo. Nikaitambua mara moja, ila mahali pa fataki palikuwa na kipande cha jiwe kilichobanwa kwenye taya za chuma. Ilikuwa bunduki ya gumegume, neno nililolisikia kwa wazee pekee. Nikamwambia kwamba mjomba wangu anayo ndugu yake. Alinitazama kwa muda, kisha akasukuma kiti cha pili kwa mguu ili nikae.

Jimbo lile lina msimu wa gumegume unaoanza baada ya Krismasi na kuingia Januari, theluji ikiwa imetanda. Msimu huo ulianzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya watu wanaotaka kuwinda kwa taabu ya zamani: bunduki iwe ya jiwe, ishindiliwe kupitia mdomo wa mtutu, na vilengeo viwe vya wazi bila darubini. Nilihudhuria mafunzo ya usalama ambayo kila mwindaji mpya hulazimika kuyapitia, nikalipia leseni na stempu ya bunduki ya kushindilia kwa jumla ya fedha isiyozidi dola 40. Sheria ya shirikisho inamzuia mgeni mwenye viza ya muda kama mimi kumiliki bunduki asipokuwa na sababu maalumu, mojawapo ikiwa leseni ya uwindaji. Na bunduki ya kale ya kushindilia, kwa Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968, haihesabiwi kabisa kuwa bunduki. Niliisoma ibara hiyo mara tatu. Chombo kilichomfanya mjomba akihamishe kutoka darini hadi mzingani, na kutoka mzingani hadi shimoni, kule hakikuwa silaha machoni pa sheria.

Mafunzo ya mzee yalichukua Jumamosi nne. Baruti nyeusi, alianza, ni shura, makaa na salfa, kwa kadiri ya 75, 15 na 10 katika kila mia. Usithubutu kutia baruti ya kisasa isiyo na moshi, maana mtutu utakupasukia usoni. Usimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe: pima kwanza kwenye kikombe kidogo, kisha mimina kutoka kwenye kikombe, kwa sababu cheche iliyobaki chini ikiiwasha baruti, afadhali uunguze gramu 5 kuliko pembe nzima iliyo mkononi mwako. Halafu kitambaa kilichopakwa mafuta, juu yake goroli ya risasi ya kiasi cha nusu inchi, kisha mdeki. Shindilia mpaka goroli ikalie baruti yenyewe. Ikibaki pengo katikati, ni hatari. Kwenye mdeki alikuwa amechonga alama mbili, moja ya mtutu mtupu na nyingine ya mtutu uliojaa. Nilimwambia kwamba mjomba naye alikuwa na alama hizo hizo, alizozikwaruza kwa msumari. Hakushangaa. Alisema mtu anayependa macho yake lazima atafika hapo.

Ugumu wenyewe uko kwenye jiwe. Ukivuta mtambo, gumegume hukipiga chuma, cheche zikaangukia kwenye kisahani chenye baruti laini, moto ukapita katika kitundu ubavuni mwa mtutu, ndipo bunduki inapolia. Mambo hayo yote huchukua chini ya nusu sekunde, lakini mwako wa kisahani uko karibu na jicho, na mwili wa mwanagenzi hukurupuka kabla risasi haijatoka. Mzee alilitoa jiwe, akaweka kipande cha mti mahali pake, akaniamuru nivute mtambo hivyo jioni nyingi mpaka bega lizoee kutulia. Msituni tuliufunika mtambo kwa kipande cha ngozi kuzuia theluji, na kila baada ya muda nilipangusa kisahani na kuweka baruti mpya, maana baruti nyeusi huvuta unyevu. Kila tulipofyatua, bunduki ilioshwa siku ile ile kwa maji ya moto na sabuni. Ukilala nayo chafu, asubuhi unaamka na kutu.

Kulikuwa na somo jingine ambalo halikuwa katika mafunzo ya jimbo. Mzee alinitaka nivae koti la rangi ya machungwa kali hata pale lisipolazimishwa, nisimtangulie mbali, na tukikutana na mtu yeyote nimwache yeye aanze kusalimia. Hakufafanua. Mtu mweusi hahitaji ufafanuzi huo.

Kulungu wao, niseme kwa faida ya wanafunzi wa biolojia, si kulungu wetu. Wa kwetu ana pembe za kudumu. Wa kwao, mwenye mkia mweupe chini, huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Niliwakosa wawili. Wa kwanza kisahani kiliwaka na mtutu ukanyamaza, kwa kuwa kitundu kilikuwa kimeziba. Wa pili niliukurupukia moto wangu mwenyewe. Wa tatu, Jumamosi ya mwisho (siku hizo kuwinda kulungu Jumapili kulikatazwa jimboni humo), alisimama kiasi cha hatua 40 akichimba theluji kutafuta tunda la mwaloni. Nilivuta mtambo. Moshi mweupe ulifunika kila kitu, na kwa muda wote usiyoniwezesha kuona chochote nilihisi kwamba kuna mtu nyuma yangu anayekuja kuniuliza jana nimekula nini.

Nilipokuwa namchuna, mzee alinieleza kwa nini wako wengi. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa karibu kwisha Pennsylvania. Tangu mwaka 1906 jimbo lilileta wengine kutoka nje ili kuwarejesha. Mwaka 1937 taifa likapitisha sheria inayoelekeza ushuru wa bunduki ndefu na risasi, asilimia 11, kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Mwindaji analipa, naye anahesabiwa kuwa mdau. Mzee hakugusia, nami nilikuwa mgeni wake, kwamba misitu ile ilikuwa ya Walenape kabla hawajasukumwa magharibi. Wamarekani nao wana watu waliowatoa msituni kwanza, kisha wakauita msitu wa umma.

Nikiwa huko huko, katika maktaba ya chuo, nilikutana na Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890. Tunaukumbuka kama mkataba wa kupinga biashara ya utumwa, na ndivyo ulivyokuwa. Lakini ndani yake, mataifa ya Ulaya yaliamua pia ni silaha gani ziingie Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini ya Ikweta. Bunduki za kisasa zilizuiwa, isipokuwa kwa vibali maalumu. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa watu kwa jumla ni gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti duni ya biashara. Basi uduni wa gobore la babu zetu haukutokana na ujinga. Lilichaguliwa mezani na watu waliokuwa wakijiandaa kututawala, na miaka 15 baadaye, katika vita vya Maji Maji, gobore hilo lilikabiliana na bombomu. Wakati huo huo sheria za uwindaji zilikuwa zimekwisha kuandikwa: Wissmann alitoa amri yake mwaka 1896, na katika sheria hizo mzungu mwenye leseni aliitwa mwindaji, na mwenye gobore akaitwa jangili.

Nasikia tayari pingamizi za watumishi wa umma wanaonisoma, na ni za haki. Tembo wetu walishuka kutoka takribani 109,000 mwaka 2009 hadi takribani 43,000 mwaka 2014, na magobore hayakuwa na mikono safi katika balaa hilo. Kijiji kikiachiwa kila mtu na mtutu wake, kulungu hawatamaliza miaka mitano. Simtetei jangili. Ninachokidai ni kidogo: Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inautambua uwindaji wa wenyeji, basi leseni hiyo ifike mahali ambapo mwenyeji anaweza kuiomba kwa nauli ya kwenda na kurudi siku moja, na afundishwe kama nilivyofundishwa mimi mgeni. Tumefungua mabucha ya nyamapori, jambo jema. Sijamwona bado mrina asali wa Sikonge aliyefika kwenye bucha hilo isipokuwa kama mnunuzi.

Jioni ile ya Januari nilinunua vocha ya simu za kimataifa, nikampigia mjomba. Nilimweleza kila kitu: jiwe, kisahani, kipande cha mti, theluji. Aliuliza maswali ya kifundi. Je, kitundu walikizibua kwa nini? Kwa unyoya, nikasema, au sindano. Kitambaa walipaka mafuta gani? Karatasi ya leseni ni ya rangi gani, na ina mhuri? Nikamjibu yote, vocha ikielekea kwisha. Kisha akanyamaza kidogo.

"Sasa, mpwa wangu," akasema, "kesho wakija kukuuliza ulikula nini, utawaambiaje?"

"Nitawaambia nyama, mjomba."

Alicheka mpaka simu ikakatika.