Fimbo ya mwanzi na mkono wa binti yangu

Wamama wenzangu, juma hili naomba niongee juu ya michezo. Mliozoea habari zangu za sabuni na bustani, mnisamehe.

Binti yangu ana miaka 13. Mwezi wa 9 mwaka 2025, kwa jirani mwenye televizyo, alimwona Armand Duplantis akivuka meta 6.30 huko Tokyo kwa kuruka na fimbo ndefu. Kesho yake alikata mti mkavu wa mkalitusi, akajaribu kuvuka mtaro nyuma ya nyumba. Fimbo ikavunjika katikati. Mkono ulikaa katika plasta majuma 6. Fimbo zilizobaki nilizipasua, nikapikia maharagi.

Alipopona, nilimkuta akirukaruka na mpini wa jembe. Nikaona heri ajifunze mbele ya macho yangu. Nilimwendea mwalimu mmoja wa michezo hapa Butembo. Nilidhani ataanza na fimbo, kumbe aliniuliza: «Mama, mtoto anajua kukimbia?» Mbio ndizo zinazomwinua mtu. Basi kwa miezi 2 binti alikimbia, akaruka mchangani bila kitu mkononi, na akaning'inia kwenye tawi la mvokado akijivuta hadi kidevu kipite tawi.

Ndipo akapewa mwanzi mbichi, laini, ncha ikiwa imefungwa mpira wa tairi la baiskeli. Kila siku tunaukagua; ukionyesha ufa, unaenda jikoni. Anayetumia mkono wa kuume huweka mkono huo juu, anaruka kwa mguu wa kushoto, na mwili unapita upande wa kuume wa fimbo. Mkono wa juu unashika mahali palepale unapofikia mtu akisimama na kuunyoosha, au juu kidogo tu. Anatembea hatua chache, anachomeka ncha mchangani mikono ikiwa imenyooka juu ya kichwa, anabebwa, anatua kwa miguu miwili. Hakuna kamba ya kuvuka. Kazi yangu mimi ni kulima mchanga kwa jembe kabla ya kila zamu, maana mchanga ulioshindiliwa ni sawa na barabara.

Msiudharau mwanzi. Mwaka 1940 Mmarekani Cornelius Warmerdam alivuka futi 15, yaani meta 4.57, kwa mwanzi, na hakuna aliyefika hapo mbele yake.

Mama mkwe wangu alinung'unika kwamba msichana hafai kurushwa miguu juu. Nilimwambia wanawake waliingia katika mchezo huu kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, na Stacy Dragila akashinda kwa meta 4.60. Akatazama paa letu, akapima kwa macho. Anamshonea mjukuu kaptura.

Sasa binti anataka kamba. Mwalimu amekataa: kwa kamba mtu huanguka kwa mgongo, na mchanga hautoshi, yahitajika magodoro manene mengi. Jana usiku nilimkuta akipima kwa kiganja godoro wanalolalia yeye na wadogo zake. Nilimwambia alale.