Keroka ya Upande Gani?

Hadi Narok nilikuwa bado mtu wa Mombasa: shati la mikono mifupi, viatu vya wazi. Tulipoipita Sotik, chai ikaanza kupanda vilima na baridi ikaingia kwa dirisha ambalo abiria wa nyuma yangu hakutaka lifungwe. Sikuwahi kufika Gusii. Nilipakata kompyuta kama mtoto mchanga, ndani yake programu niliyokiandikia kikundi cha wakulima wa ndizi: mikungu iliyoletwa, uzito wake, malipo. Wanachama wametawanyika kaunti mbili, Kisii na Nyamira, basi programu nayo nikaigawa sehemu mbili.

Niliijenga kwa Flask, zana ya Python aliyoitoa Armin Ronacher wa Austria mwaka 2010. Humo, kurasa anazoziona mtumiaji hazichanganywi na msimbo. Hukaa kwenye folda iitwayo templates, kila ukurasa ni kiolezo chenye mapengo, na zana iitwayo Jinja huyajaza kwa majina na hesabu. (Si Jinja ya Uganda, Nile inakoanzia, hili ni neno la Kijapani, hekalu.) Sehemu ya Kisii niliipa folda yake ya templates, ya Nyamira yake, na katika kila moja nikaweka faili la ripoti.html. Nilijiona fundi.

Tulikutana Keroka, chumba cha nyuma cha duka, mvua ikipiga mabati. Mweka hazina wa Nyamira, mama wa makamo mwenye sweta mbili, alifungua ripoti yake, akavaa miwani, akanyamaza.

"Kijana, umetuhamisha?"

Kichwa cha ukurasa kilisema: Wakulima wa Kisii. Chini yake, majina ya watu wake wa Nyamira, mmoja baada ya mwingine, na hesabu zao sahihi kabisa. Wazee wa Kisii walicheka sana. Yeye hakucheka.

Kosa lenye kelele ni rahisi. Flask isipopata kiolezo hulalamika waziwazi. Hili halikuwa na kelele. Karibu saa nzima nilipekua hifadhidata, ambayo haikuwa na hatia yoyote, mpaka mwenyekiti akanihurumia akanipeleka kunywa chai. Njiani nikapiga simu kwa kijana wa bodaboda aje anichukue baadaye, nikamwambia niko Keroka, sokoni.

"Keroka ya upande gani?"

Mji huu umekaa juu ya mpaka. Upande mmoja ni Kisii, wa pili Nyamira, na kaunti zenyewe zimevutana kwa ajili ya ushuru wake. Ukisema Keroka tu, hujasema kitu.

Chai yangu ilipoa mezani. Flask haina habari ni sehemu gani inayoomba ukurasa. Folda zote za templates huziweka kwenye foleni moja: kwanza ile kuu ya programu, kisha za sehemu, kwa mpangilio zilivyosajiliwa, na faili la kwanza lenye jina linaloombwa ndilo hutolewa. Kisii niliisajili kwanza. Ripoti ya Nyamira haikuwahi kufikiwa, ilifunikwa tu. Django, zana nyingine ya Python, nayo hupita programu zake ndogo kwa zamu namna hiyohiyo, na mafunzo yake huonya.

Dawa nilikuwa nimewahi kuisoma nikaidharau: ndani ya nyamira/templates, tengeneza folda nyingine iitwayo nyamira, ripoti ikae humo. Nyamira ndani ya Nyamira! Niliona ni urasimu. Sasa nikafanya hivyo pande zote mbili, na kwenye msimbo, badala ya kuomba ripoti.html, nikaomba nyamira/ripoti.html. Kiolezo cha msingi, chenye nembo ya kikundi na menyu, nilikiacha kwenye folda kuu, kwa kuwa hicho ni cha wote na kila ripoti hukirithi.

Mama akafungua tena. Wakulima wa Nyamira. Akashuka na kidole jina kwa jina hadi la mwisho, akavua miwani, akaniletea ndizi mbivu chane nzima. Kisha akarudi kutazama menyu.

"Na hapa, mbona Kisii imeandikwa kwanza?"

Nikajitetea kwa alfabeti.