Mugumu: Moshi anaovuta mwanao unatoka wapi?

Watalii wanaotokea upande wa Musoma huupita mji wa Mugumu haraka, macho yakiwa kwenye lango la Fort Ikoma na nyumbu wa Serengeti. Sisi leo tubaki mjini, tuangalie kitu ambacho watoto wa hapa wanakipata bure kila siku: hewa.

Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua ni chache na hewa ya Mugumu hubadilika. Gari likipita kwenye barabara ya changarawe, vumbi jekundu hutanda juu ya meza za nyanya na dagaa. Mzazi hulilalamikia vumbi hilo kwa sababu analiona. Lakini sehemu kubwa yake ni punje nene, ambazo hunaswa puani na kooni. Zinazoingia ndani kabisa ya mapafu ni chembe zenye upana usiozidi maikromita 2.5, unywele mmoja wa kichwani ni mnene karibu mara 30 zaidi. Hizo hutokana zaidi na vitu vinavyoungua.

Katika majiji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, kujua chanzo ni kazi ngumu. Kuna malori ya dizeli, viwanda, majalala, meli, hata chumvi ya bahari. Wataalamu hupitisha hewa kwenye chujio, kisha hupima kilichonaswa. Vanadiamu na nikeli huashiria mafuta mazito ya meli. Silikoni na alumini, udongo. Potasiamu nyingi, kuni na majani.

Mugumu haina bandari. Hapa mzazi anaweza kuanza na macho, pua na saa.

Ukungu wa moshi ukikaa mchana kutwa, upepo ukitoka mashariki na majivu mepesi yakianguka uani, huenda nyasi zinaungua upande wa hifadhi au mashambani. Hifadhini huchomwa nyasi kwa mpango mwanzoni mwa kiangazi ili kuzuia moto mkubwa baadaye. Harufu kali ya plastiki ni jirani anachoma taka. Moshi ukija alfajiri, ukapotea, kisha ukarudi saa 12 jioni na kulala chini kwa sababu upepo umetulia, hizo ni jiko zetu wenyewe.

Na hapo ndipo penye hatari kubwa kwa mtoto. Moto wa hifadhini uko mbali na ni wa msimu. Mafiga yako hatua mbili kutoka alipo, asubuhi na jioni, mwaka mzima, na mara nyingi yeye yuko mgongoni kwa mama anayepuliza moto. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa ndani ya nyumba huongeza karibu mara mbili hatari ya mtoto kupata nimonia. Usiku kibatari na dawa ya mbu ya kuchoma huongezea moshi chumbani akiwa amelala.

Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Lakini mtungi wa gesi ukiisha na hela ya kujaza haipo, familia hurudi kwenye kuni. Kwa hiyo fanya yanayowezekana leo. Anika kuni zikauke kabisa, maana mbichi hutoa moshi mwingi. Pikia nje au kwenye banda lililo wazi pande mbili. Mkaa usiingizwe chumba cha kulala hata siku ya baridi, kwani hewa yake huua. Tumia chandarua badala ya dawa ya kuchoma. Na wakati wa kuwasha moto, mpe bibi au dada mkubwa amshike mtoto mbali na jiko.

Mtoto akikohoa huku anapumua haraka au mbavu zinabonyea, usisubiri kesho. Mpeleke kituo cha afya.