Kutoka Beijing Hadi Guangzhou

Ndugu msomaji, ukiulizwa umbali wa kutoka Beijing, makao makuu ya China huko kaskazini, hadi Guangzhou, mji mkubwa wa biashara wa kusini, utajibu nini? Kwa njia ya anga ni karibu kilomita 1,900. Yaani umezidi kidogo tu urefu wa reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina hao hao, ambayo ina kilomita 1,860. Ndege huumaliza mwendo huo kwa muda wa saa 3 na dakika kadhaa.

Lakini saa hizo 3 zisikuhadae. Uwanja wa ndege wa Daxing, uliofunguliwa Septemba 2019, uko kilomita 46 kusini ya katikati ya Beijing. Ule wa Baiyun uko takriban kilomita 28 kaskazini ya katikati ya Guangzhou. Jumlisha mwendo wa kwenda uwanjani, ukaguzi wa mizigo, kungoja, na kuingia mjini. Utaona nusu ya siku imekwisha. Ndiyo maana wako wanaochagua garimoshi la kasi. Njia yake ya kilomita 2,298 ilikamilika tarehe 26 Desemba 2012, na safari iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 20 ikawa ya saa 8 hivi.

Mambo hayakuwa hivyo tangu awali. Reli ya kutoka Beijing ilifika Hankou mwaka 1906, na ile ya kutoka Guangzhou ilifika Wuchang mwaka 1936. Baina ya miji hiyo miwili ulipita mto Yangtze, na mabehewa yalilazimika kuvushwa kwa pantoni. Daraja la Wuhan lilipofunguliwa Oktoba 1957, ndipo reli hizo mbili zilipounganika. Mwaka huo huo yalianza Maonyesho ya Biashara ya Guangzhou, ambayo hata wafanyabiashara wa Afrika Mashariki huyahudhuria.

Hata hivyo, ndugu msomaji, umbali wa kweli anaujua mfanyakazi. Viwanda vya jimbo la Guangdong vimejaa watu waliotoka majimbo ya mbali, ambao wengi wao huwaona watoto wao mara moja tu kwa mwaka, wakati wa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina. Mwishoni mwa Januari 2008, theluji na barafu zilikata umeme wa reli katika jimbo la Hunan. Magarimoshi yakasimama, na mamia ya maelfu ya wafanyakazi wakakwama kwenye stesheni ya Guangzhou na mizigo yao, siku baada ya siku, katika baridi na mvua. Kwao hesabu ya kilomita haikuwa na maana yoyote. Swali lilikuwa moja tu: je, nitafika kabla sikukuu haijapita?

Basi ukijaliwa kusafiri huko, epuka majuma ya sikukuu hiyo, kwani tiketi huwa adimu. Chukua koti zito, kwa sababu mwezi Januari Beijing huganda, ilhali Guangzhou shati na sweta hutosha. Na ukimwona jirani yako safarini amekumbatia furushi la zawadi, mpishe apite. Huenda ameungoja mwaka mzima mwendo huo wa saa chache.